Apple II inapogoma kuonyesha picha: kagua TV, modi na sloti kabla ya kushika risasi ya kuchomelea

Ukiikuta Apple IIe au Apple IIGS, kompyuta za zamani za kampuni ya Apple, hapa Tanga leo, mara nyingi iko stoo kwa mtu aliyewahi kufanya kazi na wageni, au imeshuka na kontena la mtumba pamoja na friji na majiko. Mwenyewe anaiwasha, anaona kioo cheusi au picha inayokimbia, anaipeleka kwa fundi. Fundi naye anaanza kutafuta kilichoungua. Hapo ndipo mashine nzima zinapoharibiwa: chip zinang'olewa, njia za shaba kwenye ubao zinabanduka, na kumbe kilichokuwa na kasoro ni mpangilio tu.

IIe ilitoka mwaka 1983, IIGS mwaka 1986. Zote zimeundwa ili mwenyewe afungue kifuniko kwa mikono na kupanga kadi zake. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: usishike risasi mpaka umejibu maswali matatu. TV inaipokea ishara ya mashine? Mashine iko kwenye modi gani, yaani namna gani ya kuonyesha kioo? Na kila sloti, yaani tundu la kadi kwenye ubao, inasikiliza nini? Yajibu kwa mpangilio huo, usiruke.

Umeme kwanza

Fungua kifuniko usome lebo ya pawa saplai, lile boksi la bati upande wa kushoto. Mashine nyingi za Marekani zinataka volti 110 hivi; zilizouzwa Ulaya zinakubali 230 za kwetu. Ya Marekani ipe transfoma ya kushusha umeme. Ya wati 200 inatosha kabisa, usikubali kuuziwa dude la kuendeshea friji. Kama mashine ya 110 iliwahi kuchomekwa moja kwa moja ukutani, usiiwashe tena mpaka pawa saplai imepimwa ikiwa peke yake, nje ya mashine.

Ndani ya pawa saplai nyingi za zama zile kuna kapasita ya kuchuja umeme, ina ganda la plastiki linalopasuka kwa uzee. Ikishapasuka inanyonya unyevu, na hewa yetu ya bahari inao wa kutosha. Siku ikifa inatoa moshi mzito unaonuka vibaya, huku kompyuta yenyewe inaendelea kufanya kazi kama kawaida. Ukiona hivyo zima, chomoa, kisha fundi aiweke mpya ya daraja la X2 yenye thamani ileile. Usimruhusu aguse kitu kingine siku hiyo.

Kadi haichomolewi wala haichomekwi mashine ikiwa na umeme. Kwenye ubao mkuu wa IIe kuna taa ndogo nyekundu: ikiwaka, mikono nje. Na kabla ya kugusa kadi yoyote, shika kwanza bati la pawa saplai ili umeme tuli wa mwilini uishie hapo.

Swali la kwanza: TV inaipokea ishara?

Nyuma ya mashine kuna tundu la video linalopokea waya wa AV wa kawaida, ile plagi ya njano. Tafuta TV ya chogo, na ukiweza chukua ya inchi 14, maana maandishi yanakaa vizuri kuliko kwenye kubwa. Kwa mafundi wa Ngamiani bado zipo, na nyingine zinauzwa kwa bei ya spea. TV za flati ni bahati nasibu. Baadhi zinaonyesha vizuri, nyingine zinaandika kwamba hakuna ishara wakati ishara ipo, kwa sababu kompyuta hizi hazitumi picha kama stesheni ya TV inavyotuma. Flati ikikataa, hujathibitisha lolote kuhusu kompyuta. Badilisha TV.

Picha inayopanda au kushuka bila kutulia ni suala la Hz. Mashine ya Marekani inachora kioo mara 60 kwa sekunde, na TV za PAL, mfumo wa TV wa kwetu na Ulaya, zilijengwa kwa 50. TV za zamani sana zina kitufe cha kuzungusha nyuma kilichoandikwa V-HOLD. Kizungushe taratibu mpaka picha isimame. Za baadaye zinajirekebisha zenyewe.

Picha iliyotulia lakini haina rangi ni suala la mfumo wa rangi. Mashine ya Marekani inatuma rangi kwa NTSC, mfumo wa TV wa kwao. Chukua rimoti, ingia kwenye menyu, tafuta "Color System". Usiiache kwenye "Auto", kwani mara nyingi inakosea. Chagua "NTSC 3.58". Kisha kwenye kompyuta bonyeza Control na Reset kwa pamoja mpaka uone alama ya ], uandike programu hii:

10 GR
20 FOR C = 0 TO 15 : COLOR= C
30 VLIN 0,39 AT C*2 : VLIN 0,39 AT C*2+1
40 NEXT

Andika RUN, bonyeza Return. Mistari 16 itasimama upande wa kushoto wa kioo, kuanzia nyeusi hadi nyeupe. Namba 5 na 10, ukihesabu kuanzia 0, zote ni kijivu, na kwenye TV iliyopangwa vizuri hutaona tofauti kati yake. Ukiona vijivu vya michirizi mahali pote, TV bado iko PAL.

Niliwahi kuipeleka IIe kwa fundi mmoja mtu mzima ili tuijaribu kwenye TV yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii rangi zake zimekufa, tutafute IC."

Nikamwomba rimoti. Tulipofika kwenye NTSC 3.58 ile mistari ikawaka yote, buluu, machungwa, waridi, kijani. Mzee akasogeza stuli karibu na kioo, akaanza kuihesabu kwa kidole. IC haikutafutwa tena.

Utajuaje kama IIe yako ni ya Marekani au ya Ulaya? Angalia ndani. Mbali na sloti saba zilizopangwa nyuma kuna sloti moja ya ziada yenye pini 60. Kwenye mashine za PAL hiyo sloti imewekwa mbele ya sloti namba 3, mstari mmoja nayo. Kwenye za Marekani imejitenga upande wa kushoto.

Kwa IIGS mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu Hz zinapangwa ndani ya mashine yenyewe. Kama mtu alishaigeuza, na picha inakimbia hata menyu husomi, fanya bila kuangalia: shikilia Control na Option, gusa Reset, achia. Inakuja menyu yenye namba. Namba 2 inarudisha mipangilio ya kiwandani kwa 60 Hz, namba 3 kwa 50 Hz. Tundu la AV la IIGS linatoa rangi za NTSC hata ukiiweka 50, kwa hiyo kama TV yako inakubali NTSC, chagua 2. Namba 3 iwe ya TV ya PAL tupu, ukiwa umekubali picha isiyo na rangi.

Halafu lile tundu la pini 15 nyuma ya IIGS. Usilitafutie waya wa kwenda kwenye monita ya VGA. Ishara yake ya mlalo ni kHz 15.7, na VGA inahitaji 31. Hakuna adapta ya waya peke yake itakayofanya kazi hapo.

Swali la pili: mashine iko kwenye modi gani?

Washa bila diski. IIe italia mara moja, itaandika jina lake juu ya kioo, na draivu itazunguka bila kuacha. Hiyo si kasoro, inatafuta diski ambayo haipo. Bonyeza Control na Reset kwa pamoja. Ukiona alama ya ] na kasha linalopepesa, uko kwenye BASIC, lugha ya programu iliyo ndani ya mashine, na nusu ya wasiwasi wako umekwisha: prosesa, ROM na sehemu kubwa ya memori vinafanya kazi.

Michoro iliyoganda kioo kizima, au mistari minne ya maandishi chini na takataka juu, inamaanisha programu iliyokatizwa imeiacha mashine kwenye modi ya picha. Andika TEXT ubonyeze Return, hata kama huoni unachoandika. Kama mashine inaonekana inapokea lakini maandishi hayatokei, huenda inaonyesha ukurasa wa pili wa memori huku wewe unaandika kwenye wa kwanza. Hapo andika:

POKE 49236,0

Hiyo inarudisha ukurasa wa kwanza. Ndugu zake ni 49233 ya maandishi, 49232 ya picha, 49234 ya picha kioo kizima, 49235 ya picha pamoja na mistari minne ya maandishi, 49238 ya picha za vipande vikubwa na 49239 ya picha laini. Zijaribu moja moja. Modi moja ikikataa na nyingine zikakubali, umepata pa kuanzia.

Modi za kawaida ni hizi. Maandishi ya safu 40. GR, vipande 40 kwa 48 vyenye rangi 16. HGR, nukta 280 kwa 192 zenye rangi sita. Kwenye HGR kuna jambo linalowatisha wengi: ukichora mstari wa wima wa kijani kwenye safu ya namba shufwa haionekani kitu. Ndivyo ilivyoundwa. Rangi kwenye HGR inategemea safu ni shufwa au witiri, kwa hiyo sogeza mstari kwa safu moja utauona. Usibadilishe chip kwa sababu hiyo.

Safu 80 ndizo zinazoleta kesi nyingi. Kwenye IIe zinahitaji kadi ndani ya ile sloti ya ziada. Andika PR#3, maandishi yatabana. Kurudi kwenye 40, bonyeza Esc, kisha Control na Q. Ukiandika PR#3 mashine ikaganda, fungua uangalie: mara nyingi sloti ya ziada ni tupu, au kadi imekaa upande. Control na Reset itakuokoa.

Kuna kipimo kimoja ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinakuonyesha kasoro iko wapi bila kifaa chochote. Ukiwa kwenye safu 80 andika:

PRINT "ABCDEFGHIJ"

Tazama mstari unaotoka. Kwenye modi hii herufi zinagawana memori mbili: safu ya 0, ya 2, ya 4 na kuendelea zinatoka kwenye kadi ya ziada, na safu ya 1, ya 3, ya 5 zinatoka kwenye ubao mkuu. Kwa hiyo kama A, C, E, G na I zimeharibika huku B, D, F, H na J ni safi, ubao hauna kosa, ni kadi. Ichomoe, isafishe, irudishe. Kama ni kinyume chake, memori ya ubao mkuu ina tatizo. IIe inafanya kazi vizuri kwenye safu 40 hata bila kadi ya ziada, hivyo kuichomoa kwa majaribio hakuna madhara.

Maandishi ya safu 80 kwenye TV ya rangi yana ukungu na kingo za rangirangi. Punguza rangi kwa rimoti mpaka sifuri. Yatasomeka.

Mwisho kwa upande wa modi ni HGR maradufu, nukta 560 kwa 192. Inahitaji kadi ya safu 80 yenye memori ya ziada ya 64 KB, na juu ya kadi hiyo kuna jampa, kiunganishi kidogo cha kufunga pini mbili, iliyoandikwa J1 ambayo lazima iwe imefungwa. Kama michezo inayotaka KB 128 inaonyesha picha zilizochanika na vingine vyote vinaenda, tazama hapo. Ila mbao za kwanza kabisa za Marekani, zile ambazo namba yake inaishia na A, hazikubali jampa hiyo. Ukiifunga mashine haiwaki vizuri. Soma namba ya ubao kwanza.

Swali la tatu: sloti inasikiliza nini?

Sloti za IIe zinahesabiwa 1 hadi 7 kutoka kushoto ukiwa umekaa mbele ya kibodi. Desturi iliyozoeleka: printa 1, modemu 2, safu 80 namba 3, mausi au kadi ya sauti 4, draivu za diski 6, diski kuu 7. Siyo sheria, lakini programu nyingi zinaifuata kana kwamba ni sheria, kwa hiyo ifuate na wewe. Mashine ikiwaka inatafuta kifaa cha kuanzia kutoka 7 kushuka. Kadi mbovu kwenye 7 inaweza kuzuia diski nzima kabisa iliyo kwenye 6. Ukitaka kuilazimisha, nenda kwenye BASIC uandike PR#6. Kwenye mashine za Uingereza alama ya # inaweza kuonekana kama £; andika hivyohivyo, itafanya kazi. Chini ya kibodi za mashine hizo kuna swichi ya kubadilisha seti ya herufi, na watoto wakiigusa ndipo mtu anasema kibodi imeharibika.

Ili kujua mashine inaziona kadi zipi, andika hii:

10 FOR S = 1 TO 7
20 A = 49152 + 256*S
30 PRINT S;" ";PEEK(A+1);" ";PEEK(A+3);" ";PEEK(A+5);" ";PEEK(A+7)
40 NEXT

Iendeshe mara mbili. Sloti tupu kwa kawaida inatoa namba za ovyo zinazobadilika. Kadi ya draivu za diski inatoa 32 0 3 60, na haibadiliki. Kadi ya serial (ya printa au modemu), na vilevile safu 80 kwenye namba 3, mwisho wake ni 56 na 24. Kadi ipo kwenye sloti lakini namba zinarukaruka? Pini hazigusi. Hapo ni kusafisha, sio kununua kadi nyingine.

Kwa chumvi ya Raskazone na Chumbageni, kusafisha ndiyo kazi yenyewe. Toa kadi, iangalie ukingo wake kwenye mwanga wa jua: dhahabu inayofanya kazi inang'aa sawasawa, iliyoshikwa na unyevu ina mabaka ya kahawia kama chai. Lowesha kitambaa kisichotoa nyuzi kwa isopropili, ile ya mafundi simu, ufute kwa urefu wa pini, upande mmoja kisha wa pili. Spiriti ya kusafishia vidonda iache, aina nyingi zina mafuta. Thina ndiyo kabisa, inayeyusha plastiki. Raba ya penseli tumia pale tu baka linapokataa, kwa mkono mwepesi, maana inakwangua dhahabu. Sloti yenyewe isugue kwa mswaki laini uliolowa. Kisha ichomeke kadi na kuichomoa mara kadhaa mashine ikiwa imezimwa, halafu subiri ikauke.

Mashine ikigoma kabisa, toa kadi zote. Iwashe tupu. Ikiwaka, rudisha ya sloti 6, jaribu, kisha moja baada ya nyingine, ukizima kila mara. Unaporudisha waya wa draivu ya diski kwenye kadi yake, hesabu pini kwa macho yako mawili. Plagi ya pini 20 ikikaa kando kwa safu moja, chip ndani ya draivu inaungua mara moja.

IIGS: kadi yako au ya ndani?

Hapa kosa karibu ni lilelile kila mara. IIGS ina vifaa vingi ndani yake, na kila kimoja kimekalia namba ya sloti. Ukichomeka kadi bila kuiambia mashine, haitaiona. Bonyeza Control, kitufe chenye alama ya tufaha na Esc, chagua "Control Panel", kisha "Slots". Kwa kila namba utachagua cha ndani au "Your Card". Kadi ya kisasa inayotumia kadi ndogo za memori kama diski, kwenye sloti 7, inataka "Your Card", wakati mashine nyingi zinakuja hapo na AppleTalk, mtandao wa Apple. Kadi ya sauti kwenye 4 inataka hivyo pia, na ujue programu za zamani zitaukosa mausi. Namba 3 iache kwenye "Built-in Text Display". Ukiigeuza bila kuwa na kadi, safu 80 zinapotea na PR#3 inagandisha. Ukimaliza anzisha upya kwa Control, tufaha na Reset.

Kama kila ukiizima inasahau ulichopanga, betri imekwisha. Ni lithiamu ya volti 3.6. Kwenye IIGS za mwanzo imechomelewa kwenye ubao, kwenye za baadaye iko kwenye kishikizo. Hapa risasi inaruhusiwa, na ni vizuri fundi aweke kishikizo ili safari ijayo isihitajike tena. Betri iliyovuja itoe leo, usisubiri mpya ifike.

Wakati wa kumwita fundi

Kwenye IIe kuna jaribio la ndani. Shikilia Control na kitufe cha tufaha cha kulia, kile chenye tufaha lililojazwa, gusa Reset. Kioo kitajaa michoro kwa muda, kisha kitaandika "KERNEL OK" kwenye za mwanzo au "SYSTEM OK" kwenye zilizoboreshwa. Ikitaja RAM, ROM, MMU au IOU, nakili neno na namba zote kama zilivyo. Zima, kisha gandamiza kwa kidole chip zote zilizo kwenye soketi, maana joto na baridi vya miaka mingi vinazisukuma juu. Rudia jaribio. Likirudia kutaja kilekile, mpe fundi karatasi yenye hayo maneno na mwambie aanzie hapo. Likisema OK na diski bado hazisomi, acha ubao upumzike. Kazi imehamia kwenye draivu: fungua ganda lake, futa kichwa cha kusomea kwa pamba iliyoloweshwa isopropili, jaribu diski nyingine.

Chora sloti saba kwenye karatasi, andika kila moja ina kadi gani na jampa zake zimekaaje, uibandike chini ya kifuniko. Atakayeifungua baadaye asianze kubahatisha.